Anakunywa kila usiku lakini halewi: je, nimtilie mume wangu dawa kwenye chai?

*Swali: Daktari, mume wangu ana miaka 52. Alikuwa mhasibu katika kampuni moja Industrial Area hadi walipopunguza wafanyakazi mwaka 2020. Sasa tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Donholm. Zamani alikuwa mtu wa bia mbili Ijumaa. Wakati wa kafyu ya korona akaanza kunywa nyumbani, na hajaacha. Kila jioni anamaliza kota moja ya vodka, wikendi inazidi. Hapigi mtu, hatukani, hayumbi, na asubuhi anafungua duka. Ana presha na sukari na anameza dawa zake. Mwezi uliopita mchungaji alimwombea, akaacha siku hiyohiyo. Kesho yake mikono ilitetemeka hadi chai ikamwagika kwenye shati. Usiku wa tatu alikuwa anatoka jasho, akaniambia kuna watu wamesimama kwenye korido. Dada yangu akasema ni mapepo. Alipokunywa tena akatulia. Sasa mama mmoja kwenye chama chetu anauza unga wa kutia kwenye chai bila mtu kujua. Akinywa pombe juu yake anatapika mpaka anaichukia. Ni shilingi 3,500. Nimtilie? Na mtu wa umri huu anaweza kuacha kweli, au tumechelewa? Watoto wameanza kuniuliza, na mimi mwenyewe silali bila nusu tembe ya dawa za usingizi za mama mkwe.*

Dada yangu, usimtilie. Kama unga huo umeshaununua, usiufungue. Nitakueleza sababu, lakini nataka jibu hilo ulipate kwanza, kwa sababu najua mtu aliyekosa usingizi kwa miezi anaweza kufanya jambo usiku wa leo ambalo asingelifanya mchana.

Ukiyaondoa maneno yote katika barua yako, naona unaogopa mambo mawili. Unaogopa kwamba mumeo ni mlevi na hakuna mtu mwingine anayekubali hivyo, maana hana dalili zile tunazozijua za mlevi. Halafu unaogopa kwamba umri umempita, kwamba mti mkavu haupindiki. La kwanza uko sahihi. La pili, hapana.

Tuanze na hilo la kwamba halewi, kwa sababu ndilo linalowachelewesha watu wengi wa umri wake. Kota ni mililita 250. Vodka ikiwa na kileo asilimia 40, ndani yake mna mililita 100 za kileo chenyewe. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo kila jioni mumeo anakunywa bia nne. Kwa wiki ni bia 28, na kreti ina chupa 25, na hapo sijahesabu nyongeza ya wikendi. Angekuwa anapandisha ngazi na kreti nzima kila Jumamosi, ploti nzima ingekuwa inamsema. Kota inaingia kwenye mfuko wa koti bila mtu kujua.

Sasa, kwa nini hayumbi? Si kwamba ana kichwa kigumu, ingawa najua baa zote za Nairobi zinaamini hivyo. Ubongo una kemikali zinazotuliza na nyingine zinazoamsha, na siku zote pande hizo mbili zinavutana kama timu mbili katika mchezo wa kuvuta kamba. Pombe ni mtu mzito anayekuja kushika kamba upande wa kutuliza. Siku za mwanzo kamba inavutika upande huo, na mtu analegea, anacheka, anayumba. Ubongo haupendi kuvutwa hivyo kila siku. Taratibu, kwa miezi na miaka, unaongeza watu upande wa kuamsha na kupunguza upande wa kutuliza, hadi kamba inasimama tena katikati. Mumeo akimaliza kota yake leo kamba haisogei, na wewe unaona mtu mzima, timamu, anayetazama taarifa ya habari. Ukimwona hivyo ujue kwamba ubongo wake umeshajipanga upya kuizunguka pombe.

Sasa fikiria yule mtu mzito ameachilia kamba ghafla. Upande wa kuamsha unaivuta yote peke yake. Hicho ndicho ulichokiona mwezi uliopita. Mikono kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa: wanaona watu au wadudu wasiokuwepo, joto la mwili linapanda, presha inapanda. Watu wale wa kwenye korido walikuja usiku wa tatu. Ubongo wake ulikuwa unafanya kile ambacho vitabu vyetu vya udaktari vinasema utafanya, karibu kwa saa. Na hali hiyo, isipotibiwa, huua. Nakuambia hivi bila kukuficha kwa sababu mlinusurika bila kujua mlikuwa karibu na nini.

Simkosoi mchungaji, wala sitaki muache kuomba. Wagonjwa wangu wengi wanashikiliwa na imani kuliko na dawa zangu. Ila mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiamua kuacha, siku ya kuacha iwe na daktari. Na mfahamu jambo lingine: kila mara mtu wa namna hii anapoacha ghafla, akarudia, kisha akaacha tena ghafla, mara inayofuata huelekea kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo msijaribu tena hivyo, hata kama safari hii ni yeye mwenyewe ameapa.

Kuhusu unga. Kuna dawa halali inayofanya kazi kama ulivyoelezwa. Inaitwa disulfiramu, na ipo tangu miaka ya 1940. Kwa kawaida ini linabadilisha pombe kuwa sumu fulani, kisha linaiharibu sumu hiyo upesi. Disulfiramu inazuia hatua ya pili, kwa hiyo sumu inarundikana. Ndani ya nusu saa uso unawaka, kichwa kinagonga, mtu anatapika, moyo unadunda, kisha presha inaweza kuporomoka. Kwa kijana mwenye moyo mzima hayo ni mateso ya saa chache. Kwa mwanamume wa miaka 52 mwenye presha na kisukari yanaweza kuwa mshtuko wa moyo sakafuni kwenu. Daktari anayeitoa humpima mgonjwa ini na moyo, huhakikisha hajanywa walau siku nzima, na humweleza wazi kwamba hata akiacha kuimeza anaweza kudhurika akinywa pombe hadi wiki mbili baadaye. Nguvu yote ya dawa hiyo iko katika kujua. Mtu anaimeza asubuhi akiwa na akili zake ili jioni asishawishike. Asiyejua atatapika, atadhani ni chakula kibaya au sukari imepanda, na kesho atakunywa tena.

Na hayo ni kama unga wenyewe ni disulfiramu. Hauna lebo, hauna kipimo, na anayeuuza hawezi kukuambia umo nini. Akija kugundua kwamba chai aliyopikiwa na mke wake ilikuwa na kitu ndani, hatakula kwako tena kwa amani, na kuaminiana ndiko kutakakomfikisha kwenye matibabu.

Huenda unajiuliza kama hili ni la watu wa umri wenu kweli. Mabango yote yanachora kijana na chupa, na mikutano ya shule inawahutubia wanafunzi. Lakini utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulihesabu watu wa miaka 15 hadi 65, ukakuta takriban mmoja kati ya wanane anatumia pombe, na takriban mmoja kati ya 20 ameshikwa nayo. Ninaowapokea kliniki siku hizi ni wazazi wa wale wanafunzi. Wana miaka 45, 50, 58. Wengi hawakuwa walevi ujanani. Kilichowaleta ni kazi iliyokatika huku karo ya chuo ikidaiwa, mzazi mgonjwa ushago anayehitaji dialisisi, ndoa iliyonyamaza, na kafyu ile ya tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021 iliyohamisha unywaji kutoka baa kwenda sebuleni. Baa ina saa ya kufunga, na ina rafiki wa kukuambia “leo umezidisha”. Sebule haina.

Mwili nao umebadilika. Kadiri misuli inavyopungua, maji mwilini hupungua, na pombe hukaa kwenye maji. Glasi ileile aliyokunywa akiwa na miaka 30 inaacha pombe nyingi zaidi kwenye damu akiwa na 52. Pombe ya kila siku inapandisha presha, kwa hiyo huenda dawa zake za presha zinashindana na kota kila jioni, na daktari wake, kwa kutojua, anaongeza kipimo. Kwa sukari hatari iko upande mwingine: pombe inazuia ini kutoa sukari iliyoihifadhi. Akinywa bila kula, huku amemeza dawa za kisukari, sukari inaweza kushuka mno usiku. Mtu wa namna hiyo hutokwa jasho, huchanganyikiwa, husema maneno yasiyoeleweka, na wenyeji husema “amelewa, mwacheni alale”. Kama mna mashine ya kupima sukari nyumbani, mpime kabla ya kumwacha alale.

Je, mmechelewa? Katika kazi hii nimewaona watu wa miaka 50 wakifanya vizuri kuliko wa 22, na sioni ajabu. Mumeo ana duka, ana mke anayeandika barua kama hii, ana watoto wanaouliza. Ana cha kupoteza na anakijua. Sitakuahidi kwamba ataacha mara moja. Wengi hurudia walau mara moja kabla ya kutulia, na kurudia huko ni sehemu ya ugonjwa, kama sukari inavyopanda tena baada ya sikukuu. Ila ini lililovimba mafuta hupungua uvimbe, presha hushuka, usingizi hurudi, mara nyingi ndani ya wiki na miezi, si miaka.

Kwa hali uliyonieleza, asijaribu kuacha pombe akiwa nyumbani. Mtu aliyetetemeka anaweza kusaidiwa akienda na kurudi. Aliyekwisha kuona watu wasiokuwepo, tena ana presha na kisukari, anapaswa kulazwa hospitalini, mara nyingi kwa siku tano hadi saba. Hapo atapewa dawa za kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa kila siku, maji, na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini na ambayo ikikosekana ubongo unaweza kupata madhara ya kudumu. Hatua hii ni ya kuosha mwili tu, na watu wengi hukosea kudhani ndiyo matibabu yote. Mtu anatoka wodini mwekundu, ameshiba, familia inachinja kuku, na wiki ya tatu kota imerudi. Matibabu yenyewe huanza hapo: ushauri nasaha wa kila wiki, dawa za kupunguza hamu kama naltrexone kama ini lake linaruhusu, vikundi vya watu walioacha, na kazi ngumu ya kujua saa moja jioni itajazwa na nini.

Ninyi watu wa Donholm mnaweza kuanza hospitali ya umma iliyo karibu, au kwenda Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, pale Thika Road. Najua jina hilo linavyotumika mitaani kama tusi. Ni hospitali, ipo tangu 1910, ina madaktari wa uraibu, na gharama yake iko chini ya ile ya vituo vya binafsi. Mkipata rufaa, ulizeni mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa sehemu gani, kabla ya kulazwa na si siku ya kutoka. Kama hamjui pa kuanzia, pigeni 1192, namba ya NACADA. Haina malipo, na unaweza kuipiga wewe mwenyewe hata kama yeye bado anakataa.

Vituo vya kukaa miezi mitatu vinawafaa baadhi ya watu, hasa ambaye nyumbani hapakaliki au ameshashindwa kwa njia nyingine. Mumeo ana nyumba na ana kazi. Mimi ningeanza na hospitali kisha kliniki. Tafadhali msiuze shamba kulipia kituo ambacho hamjakitembelea. Ulizeni kama kimeidhinishwa na NACADA, kama kuna daktari anayefika, na kama mtaruhusiwa kumwona. Kituo kinachojitolea kuja kumkamata usiku na kumfunga kwenye gari, kikataeni, hata kama jirani anakisifu.

Kuzungumza naye ndiko utakakokuogopa zaidi. Usimwambie usiku, akiwa na glasi mkononi. Chagua asubuhi, kabla ya duka, mkiwa wawili. Usianze na neno mlevi; atalitetea jina lake na mazungumzo yataishia hapo. Mwambie ulichokiona: “Baba Brian, usiku ule uliponiambia kuna watu kwenye korido niliogopa nitakupoteza. Nimeuliza, nimeambiwa ni mwili unaotaka pombe na kwamba kuna dawa. Twende tupimwe presha na sukari, na tumweleze daktari yote.” Mlango wa presha na sukari haumuaibishi, na ukweli ni kwamba vinahitaji kupimwa. Muulize pia kwa upole kama asubuhi hunywa kidogo ili mikono itulie, kile wenyewe wanachoita kutoa loku. Daktari atahitaji jibu hilo.

Hadi siku hiyo nitakuambia jambo litakalokushangaza: usimwage chupa wala usimnyime hela ghafla. Kwa mtu aliyefika hapa kukatishwa ghafla ni hatari kuliko usiku mmoja zaidi wa kunywa. Abaki na kiasi kilekile, asizidishe, ale kabla ya kunywa, na asiendeshe gari. Akikosa hela ya chupa yenye lebo anaweza kushuka kwenye vinywaji vya bei ya chini visivyojulikana vimetoka wapi, na sote tunakumbuka Kangai, Kirinyaga, Februari 2024, watu walipokufa kwa pombe yenye sumu. Ila usimnunulie wewe, na usipige simu kwa wateja kusema ana malaria. Kufunika ni kazi ya pili uliyojipa bila malipo, na unaweza kuiacha leo bila kumdhuru.

Usisubiri miadi akipata degedege, akichanganyikiwa au kuona visivyokuwepo, akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, macho yakiwa manjano, au akianguka na kugonga kichwa. Ni hospitali iliyo karibu, saa hiyo. Akiwa kwenye degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, wala usimtie kijiko mdomoni.

Kuna sentensi moja mwishoni mwa barua yako uliyoipita haraka, nami sitaki kuipita. Nusu tembe za mama mkwe. Kama ni diazepamu au ndugu zake, zinavuta upande uleule wa kamba ambao pombe huvuta, na ubongo wako unajifunza vilevile. Kina mama wengi wa miaka 45 kwenda juu huingia hivi: hedhi inaelekea kukatika, joto linakuamsha saa tisa usiku, akili inaanza kuhesabu karo, na tembe iko kwenye droo. Hakuna anayekuona kama mtumiaji wa dawa, hata wewe mwenyewe. Kama umezitumia kila usiku kwa wiki kadhaa, usiache ghafla. Daktari atakupunguzia polepole na atauliza kinachokunyima usingizi. Zifungie pakiti hizo kabatini tangu leo na ufunguo ukae nawe, maana mumeo akimeza moja juu ya kota, pumzi inaweza kusimama usingizini. Siku mtakapokwenda kumpima presha, beba pakiti hiyo pamoja na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na umwombe daktari akuone na wewe.